Kwako unayetaka kuingia wa kwanza na gongo kwenye kriketi

Kila msimu hunijia vijana wawili watatu wakitaka niwafundishe kufungua, yaani kuingia uwanjani wa kwanza kupiga mpira ukiwa bado mpya. Karibu wote wameshatazama kwenye simu video za Yashasvi Jaiswal wa India akipiga mipira ya alama sita juu ya vichwa vya watazamaji. Mimi huwaomba tuanze na kipande kingine.

Ni 22 Novemba 2024, Perth, siku ya kwanza ya mechi ya Testi dhidi ya Australia, ile mechi ndefu ya hadi siku tano ambayo kila timu hupiga kwa zamu mbili. Jaiswal ana miaka 22. Amekabili mipira 7, hajapata hata mkimbio mmoja, yaani alama moja. Wa 8 unatoka kwa Mitchell Starc, mrushaji wa Australia, umepita mbali kidogo na vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda, naye Jaiswal anaufuata kwa gongo. Ukadakwa, akatolewa. Sifuri.

Kesho yake akaingia tena kwa zamu ya pili. Hadi jua linazama alikuwa na 90 na bado yuko uwanjani. Mwishowe alifikisha 161 kwa mipira 297, na kabla wiketi ya kwanza haijaanguka, yaani kabla mpigaji wa kwanza hajatolewa, yeye na mwenzake wa kufungua KL Rahul walikuwa wameshakusanya 201. India ilishinda kwa mikimbio 295. Tafuta zamu hizo mbili, uzitazame moja baada ya nyingine, na uhesabu mipira aliyoiachia ipite hadi kwa mlinda wiketi, yule anayedaka nyuma ya vijiti. Humo mna somo zima la kazi unayoitaka, mdogo wangu.

Nikueleze kwa nini. Mpira mpya ni mgumu, unang'aa, na mshono wake umeinuka. Ukirushwa na mtu anayejua kazi, hupinda hewani, kisha ukigusa ardhi huweza kuingia ndani au kutoka nje bila kukuaga. Kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa una kama nusu sekunde tu ya kuamua. Wenzako watakaoingia wa nne na wa tano wataukuta umelainika na umechubuka, na wao ndio watakaopiga mashuti ya kupendeza. Wewe ndiye unayeuchakaza. Ukikaa ova 15, yaani mipira 90, na una mikimbio 20 tu, timu yako imefaidika sana, hata kama jukwaani hakuna aliyepiga makofi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofundisha ni kuacha. Muombe mwamuzi akuonyeshe mstari wako, yaani mahali pa kusimamisha gongo mbele ya vijiti, uweke alama kwa kiatu, na ujue kwa uhakika kijiti chako cha nje kiko wapi ukilinganisha na jicho lako. Kisha kwenye neti, pale pa mazoezi palipozungushiwa wavu, mwambie mwenzako akurushie mipira 30, mipya ukiweza kuipata, na upige ile tu ambayo ingegonga vijiti. Mingine yote acha. Zoezi hili linachosha na vijana wengi hulikimbia baada ya wiki moja. Wanaovumilia huonekana kabla msimu haujafika nusu.

Nilifungua miaka tisa kwenye ligi ya Dar es Salaam, mara nyingi tukicheza juu ya mkeka. Msimu wangu wa pili nilitolewa kwa sifuri mechi tatu mfululizo. Nikaingiwa na hofu nikabadilisha kila kitu kwa mpigo: namna ya kushika gongo, namna ya kusimama, hata gongo lenyewe nikaazima la rafiki. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa sikuweza kujua kosa liko wapi. Miezi ilipita ndipo mchezaji mmoja mkubwa akaniambia kwamba mipira miwili kati ya ile mitatu ilikuwa mizuri mno, angetoka mtu yeyote, na mmoja tu ndio ulikuwa uzembe wangu. Tangu siku hiyo nikitolewa hukaa kimya dakika kumi, kisha najiuliza swali moja: ulikuwa mpira mzuri au ulikuwa uamuzi mbaya? Kama ulikuwa mpira mzuri, sibadilishi kitu.

Lingine ni kuitana na mwenzako mnapotaka kukimbia kati ya vijiti vya pande mbili. Hapa nina uchungu kidogo, maana naona linapuuzwa kila mahali. Desemba hiyohiyo ya 2024, Melbourne, Jaiswal alikuwa na 82 na mpira unamtii. Akaita mkimbio, mwenzake Virat Kohli aliyekuwa kwenye vijiti vya pili hakuja, vijiti vikaangushwa Jaiswal yuko mbali, akatolewa. Oktoba 2025, Delhi, dhidi ya West Indies, alikuwa na 175 akatoka kwa namna hiyohiyo, safari hii yeye na mwenzake Shubman Gill hawakuelewana. Ukiwa na mwenzako wa kufungua, kubalianeni kabla ya kuvuka kamba ya mpaka wa uwanja: maneno matatu tu, "njoo", "hapana", "subiri", na mnayasema kwa sauti ya kusikika hadi jukwaani. Mpira ukiwa mbele ya mpigaji, yeye ndiye anayeita. Ukiwa nyuma yake, anaita mwenzake.

Mtaniuliza kuhusu hema. Ni kweli, Jaiswal alitoka Bhadohi, Uttar Pradesh, akaenda Mumbai akiwa mtoto, na aliwahi kulala kwenye hema la watunza uwanja pale Azad Maidan. Wengi hupenda kusimulia sehemu hiyo na jinsi alivyouza pani puri, vitafunio vya mtaani vya India. Kwa maoni yangu hema halikumfundisha kupiga. Kilichomfundisha ni kwamba alipata kocha, Jwala Singh, aliyempa mahali pa kulala na saa nyingi za mazoezi. Kama kwenu kuna taabu, usione haya kuisema kwa kocha au kwa mzee unayemwamini. Shida ukiificha haikufanyi uwe hodari.

Na mikimbio haikukingi. Septemba 2022, kwenye fainali ya Duleep Trophy, mashindano ya ndani ya India, Jaiswal alipiga 265. Katika mechi hiyohiyo nahodha wake, Ajinkya Rahane, alimtoa uwanjani kwa sababu ya kumchokoza mpigaji wa timu pinzani kwa maneno. Nahodha wake mwenyewe! Namheshimu sana Rahane kwa uamuzi ule, na namheshimu kijana aliyeupokea akaendelea na kazi.

Nawaandikia haya kwa moyo mkunjufu kwa sababu mlango umefunguka. Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la kriketi la umri huo la 2026, na kila timu ya aina hiyo inahitaji wawili wa kuingia mwanzo.

Bado sijamaliza habari za Starc. Wiki mbili baada ya Perth, tarehe 6 Desemba, Adelaide. Mpira wa kwanza kabisa wa mechi ulimgonga Jaiswal mguuni mbele ya vijiti, na kwa sheria akatolewa. Sifuri tena, kutoka kwa mrushaji yuleyule, baada ya 161. Alitembea akatoka, na zamu ya pili akaomba mstari wake upya kwa mwamuzi kama kawaida.

Jumamosi njooni saa moja asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Nitaleta mpira mpya.