Mpole nyumbani, mwonevu shuleni

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina kijana wa miaka 14, nyumbani mpole hata sauti yake huisikii, sasa juzi nimeitwa shule naambiwa eti anamwonea mwenzake, kila wiki anamfichia daftari la hesabu na kumwita majina mbele ya darasa. Huyo mwenzake namjua, kadogo hivi, ila kana akili balaa, hata mimi huwa namwambia mwanangu aige kwake. Mwalimu anasema ni utovu wa nidhamu, mimi naona ni stresi za mitihani maana halali, anakesha na vitabu mpaka saa saba usiku. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mko sahihi wote, ila kila mmoja kashika nusu. Huo ni uonevu, tusiupake rangi. Anakusudia, anarudia, na anayefanyiwa hana ubavu wa kujitetea, hayo ndo mambo matatu ambayo mtafiti Dan Olweus alitumia kuutofautisha na ugomvi wa kawaida wa watoto.

Sasa soma tena barua yako. Mbona daftari la hesabu, si begi, si viatu? Mtoto akiambiwa kila siku mwangalie fulani, fulani anageuka kuwa mtihani, na mtihani wenyewe huwezi kuuficha lakini daftari la fulani unaweza. Hapo ongeza usingizi, umri huo unataka masaa 8 mpaka 10, asiyelala hasira zake ziko karibu. Ila wapo wengi wamelemewa na masomo na hawamgusi mtu, kwa hiyo stresi isiwe kinga yake.

Mwulize pia, taratibu, kama naye kuna wanaomwonea. Ripoti ya UNESCO ya 2019 ilisema karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 alionewa ndani ya mwezi mmoja, na wapo wanaoonewa huku nao wakionea wengine, hao mara nyingi ndo wana hali mbaya kuliko wote.

Usimchape, atajifunza tu kwamba mkubwa humshukia mdogo. Arudishe madaftari, aombe radhi kama mwenzake yuko tayari kumsikiliza, vitabu vifungwe mapema, na jina la yule mtoto lipumzike kwanza hapo nyumbani kwako. Yule naye ana stresi zake, anasoma jicho moja likiwa mlangoni kuangalia nani anaingia. Ukirudi shule, kabla hujauliza ya mwanao, uliza huyo mwingine anaendeleaje.