Usiombe brashi, tuma faili

Karibu kila mgeni anayeingia kwenye kundi letu la wachoraji wa dijitali, hata salamu hazijaisha, anauliza: "Wakuu, mnatumia brashi gani?" Simcheki, maana nami nilianza hivyo hivyo. Nilikuwa na brashi zaidi ya 400 kwenye tableti, nyingi za kugawiwa, na bado kila uso niliochora ulionekana umepakwa unga.

Siku moja nikaweka kundini picha ya mama muuza samaki, nikilalamika kwamba kanga yake inakataa kukaa mwilini. Kaka mmoja akajibu kwa kifupi: "Tuma faili lenyewe, picha haitoshi." Akalifungua kwenye Krita, programu ya kuchorea, akakuta leya (matabaka ya picha) 61 zisizo na majina, uso na ndoo vimechanganyika humo humo. Akazima maua yote ya kanga, ikabaki rangi tupu. Kisha akaongeza leya mpya juu, akachora kwa mistari myekundu jinsi kitambaa kinavyovutwa kutoka begani hadi kiunoni. Ndipo nikaona: maua niliyachora yamelala bapa kama ya ukutani, ilhali nguo ina mikunjo. Brashi hazikuwa na kosa lolote.

Basi peleka kazi ingali mbichi. Ukipeleka iliyokwisha utaambiwa "moto sana" na mjadala umeishia hapo. Leya zipe majina, hata "pua" inatosha. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na mistari myembamba inafifia.

Washa pia kurekodi. Programu ya ibisPaint inatunza video ya uchoraji wako, na Krita ina kirekodi chake tangu toleo la 5.0. Watu hupenda kuiangalia video hiyo kama burudani. Wewe tazama pale mkono unapofuta jambo lile lile mara ya nne, halafu kaulize kundini kuhusu hapo tu.

Kama bado huna kundi, mtafute Mfaransa David Revoy. Anachora katuni ya Pepper&Carrot kwa Krita tangu 2014, na mafaili yake huyaweka wazi na leya zake. Fungua moja, zima leya moja moja kuanzia juu. Mimi mwanga nimejifunzia humo.

Brashi ukipewa, uliza pia mwenzako huikandamiza kiasi gani na huitumia kwenye hatua ipi. Za kununua usizigawe. Aliyezitengeneza naye anakula kwa mkono huo.

Na kabla ya kuchora juu ya kazi ya mtu, omba ruhusa. Kaka yule hakuomba. Niliumia, nikanyamaza kundini siku mbili nzima, ya tatu nikarudi na kanga mpya.