Jibu: Paka aliyezalia uani, Langoni

Waaleikum salaam dada. Umeuliza ufanyeje na paka aliyezalia nyuma ya tangi la maji hapo kwenu Langoni, watoto wakiwa bado hawajafumbua macho. Basi hao hawajafika wiki 2. Usiwahamishe. Mama akiona wanashikwashikwa atawabeba kwengine, pengine penye hatari zaidi, na akitoka kutafuta riziki usidhani amewatupa.

Mtunze yeye kwanza. Anayenyonyesha hula maradufu au hata zaidi, kwa hivyo mpe chakula mara kadhaa kwa siku na maji safi yasikauke. Samaki wa kuchemsha atolewe miba. Wa chumvi usimpe. Maziwa ya ng'ombe hapana, huwaharisha watoto.

Wakifika wiki 4 waonjeshe samaki aliyepondwa, na uwazoeshe mikono ya watu, la sivyo watakua wa mwituni. Dawa ya minyoo muulize daktari wa mifugo. Panadol kamwe, huua paka.

Lakini ninalokusihi hasa ni hili: mama anaweza kushika mimba tena hali bado ananyonyesha. Watoto wakiacha ziwa, kama wiki ya 8, tafadhali mpeleke akafungwe kizazi.