Vijiaskari, dadu na vijana: maswali yenu

Wiki hii mmeniuliza kitu kimoja kwa sura nyingi, kwamba meza zetu za vita vya kale, huu mchezo wetu wa kupanga vijiaskari mezani na kupigana kwa dadu, zimebaki na wazee watupu. Haya twende.

*Mzee, nimeita vijana wa mtaa mara tatu hapa Ntinda, wanaangalia dakika kumi wanarudi kwa simu. Shida ni simu?*

Shida ni wewe ssebo, usinikasirikie. Umewapangia Waterloo nzima, vita Napoleon alipopigwa 1815, na kitabu cha sheria kizito kama tofali, nani atakaa masaa sita akingoja zamu? Pita stage ya boda uone jamaa wanacheza ludo mpaka abiria anawaita mara mbili, kwa sababu dadu haikai mkononi mwa mtu na mechi inaisha. Omweso, bao letu la Uganda, vilevile, mashimo 32, kete 64, unafundishwa ukiwa umesimama. Punguza basi: vijiaskari 12 kila upande, sheria ukurasa mmoja, dakika 40 mmoja ameshinda na aliyeshindwa anataka tena. Huyo aliyeshindwa ndio umempata.

*Vijiaskari vya milimita 28 kutoka Uingereza, weka usafiri weka ushuru, mshahara umekwisha. Nianze na nini? (Mbarara)*

Usianze navyo. Chapisha askari kwa karatasi ngumu, kunja, gundisha juu ya kifuniko cha soda, kwisha. Kijana akipenda ndio unaleta plastiki za skeli ya 1/72, vidogo kuliko hivyo vya 28, zile pakiti moja ina jeshi zima. Mimi nilimpa mpwa wangu kijiaskari cha chuma cha bei, kikaanguka mkuki ukakatika, nikafoka, na mpaka leo hajarudi mezani. Kosa langu hilo.

*Napoleon hawamjui hata. Tucheze vita gani? (Jinja)*

Na wewe uko Jinja kwenyewe, mahali Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alifia 1923 akirudi kutoka uhamishoni Seychelles! Anza naye, lakini usipange majeshi mawili yatazamane uwanjani kwa sababu Maxim, bunduki ya rashasha ya Waingereza, itamaliza kila kitu zamu ya tatu na aliyeshika Bunyoro ataenda kununua rolex ya chapati na mayai asirudi. Kabalega mwenyewe alihamia kwa kuvizia, akawasumbua Waingereza tangu 1894 mpaka walipomshika pamoja na Mwanga, aliyekuwa Kabaka wa Buganda, Aprili 1899. Kwa hiyo Mwingereza na Wasudani na Waganda wake wana zamu kumi za kumkamata, Kabalega akitoka ukingo wa meza ameshinda. Msituni weka vikaratasi vimefunikwa, vingine watu, vingine hewa tu. Hapo watapiga kelele mpaka jirani aje, hasa kama umeweka Muganda huku na Mnyoro kule, ubishi ni wa bure. Wakizoea wapeleke Adwa 1896, kule Ethiopia, wampige Mwitaliano.

*Mwanangu anataka kucheza vita vya 1979 vya kumng'oa Amin, na babu yake alikuwepo. Ni sawa? (Mama, Masaka)*

Mama, muulize babu kwanza. Vita ambayo wenyewe bado wako hai mimi siiweki mezani bila wao kukubali. Akikubali mpe kiti karibu, na akianza kuongea acheni dadu msikilize.

*Kijana wa miaka 13 amepaka Waingereza wa Waterloo rangi ya njano wote! Nimrekebishe?*

Mwache. Akifika kijiaskari cha ishirini atakuja mwenyewe kuuliza walivaa nini.