Kompyuta Inapoikataa Diski Mpya: Yaliyonipata na Ninayokushauri

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikitumia diski ngumu ya GB 500 ambayo ilikuwa imeanza kutoa mlio wa kugonga, na kila nilipoiwasha nilingoja dakika kadhaa kabla ya kuweza kufungua hata faili moja. Nikaamua kuiondoa na kuweka SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyo na sehemu zinazozunguka, ya TB 1. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja, yaani kunakili diski nzima, kubadilisha na kuwasha. Ilinichukua siku nne, na sehemu kubwa ya siku hizo niliipoteza kwa kuishuku diski mpya ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kabla ya kushika bisibisi, hifadhi faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Wengi huamini kwamba kunakili diski ya zamani kwenda kwenye mpya ndiyo akiba yenyewe, lakini programu ya kunakili hufuta kila kilichomo kwenye diski inayopokea, na ukikosea ukazigeuza diski hizo mbili, picha na nyaraka zako zimekwenda. Ikiwa diski ya zamani inagonga kama yangu, anza na faili unazozithamini zaidi, kwa sababu kusomwa mfululizo kwa saa nyingi kunaweza kuimaliza kabisa. Anayetumia BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo wa siri, aandike ufunguo wake wa kurejesha mahali nje ya kompyuta hiyo na asimamishe ulinzi huo kwa muda, la sivyo anaweza kudaiwa ufunguo huo mara tu atakapowasha diski mpya.

Mara ya kwanza kazi ya kunakili ilifika karibu nusu ikakwama. Niliirudia, ikakwama mahali pengine, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka: sehemu mbovu ya diski huelekea kukwamisha kazi mahali pale pale, ilhali kosa linalohamahama huwa na chanzo kingine. Nilipofungua programu ya kusoma taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, nilikuta kipengele namba 5, kinachohesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizohamishwa, na namba 197, kinachohesabu sekta zinazosubiri uamuzi, vikiwa na idadi ndogo isiyoongezeka. Namba 199 ndiyo iliyokuwa ikipanda. Kipengele hicho huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi mhalifu huwa ni kebo ya SATA, ule waya wa data unaoviunganisha. Hesabu yake hairudi sifuri hata baada ya matengenezo, kwa hiyo kinachotazamwa ni kama inaendelea kukua.

Kwa haraka yangu nilibadilisha kebo, tundu kwenye ubao mama na programu ya kunakili kwa mkupuo mmoja. Kazi ilikwenda hadi mwisho, lakini sikujua ni kipi kilichoniponya, ikanibidi nirudishe kimoja kimoja mpaka kosa lilipojitokeza tena na ile kebo ya zamani. Nakusihi ubadilishe kitu kimoja, ujaribu, uandike kilichotokea, kisha ndipo uguse kingine.

Ikiwa diski mpya haionekani kabisa, usianze kuitafuta ndani ya Windows. Ingia kwanza kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayotangulia Windows. Isipoonekana huko, kagua waya wa umeme, kebo na tundu lenyewe, na usome kitabu cha ubao mama, kwa kuwa baadhi ya mbao mama huzima tundu fulani la SATA nafasi ya M.2, ile ya kuchomeka SSD nyembamba, inapotumika. Ikionekana kwenye BIOS lakini isiwe na herufi ndani ya Windows, kwa kawaida ni kwamba haijapewa jedwali la patisheni, yaani orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa, jambo linalofanywa kwa dakika moja katika programu ya kusimamia diski.

Pigo la pili lilikuja baada ya kunakili kukamilika: skrini nyeusi yenye ujumbe kwamba hakuna diski ya kuanzishia mfumo. Nilikuwa nimenakili patisheni ya C peke yake, nikiziona zile ndogo za pembeni kuwa takataka, kumbe mafaili yanayoiamsha Windows yalikuwa humo. Nikanakili diski yote upya. Safari hii niliizima kompyuta, nikaondoa diski ya zamani kabisa na kuiweka mpya kwenye tundu lile lile. Kuziacha zote mbili mara ya kwanza ya kuwasha ni hatari, kwani zina alama moja ya utambulisho. Windows inaweza kuizima mojawapo, au ukadhani unatumia mpya kumbe umeamka kwenye ya zamani. Kumbuka pia kwamba jedwali la patisheni lina aina mbili, GPT mpya na MBR ya zamani: Windows iliyo kwenye diski ya GPT huhitaji UEFI, mrithi wa BIOS, na iliyo kwenye MBR huhitaji ile hali ya zamani ya BIOS. Ukipata skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalia kama mpangilio wa SATA umebadilika kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake, hizo zikiwa njia mbili ambazo ubao mama huziendesha diski.

Kuhusu ukubwa, usihangaike Windows inaposema diski ya TB 1 ina GB 931, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Tatizo la kweli ni diski ya TB 3 inayokomea GB 2,048: hapo ndipo mwisho wa MBR yenye sekta za baiti 512, na dawa yake ni GPT. Kwa diski ya mfumo, Windows 10 tangu toleo la 1703 ina zana ya mbr2gpt inayoibadilisha bila kufuta data, ingawa baada yake lazima uhamie UEFI.

Diski ya zamani usiifute siku hiyo hiyo. Yangu niliiweka kwenye droo kwa mwezi mzima, na katika wiki ya tatu niligundua folda moja ya picha ambayo mafaili yake mawili hayakufunguka kwenye SSD. Niliiunganisha kwa kebo ya USB, nikayakuta mazima, nikayachukua.