Kijiji gani cha theluji kwa familia inayoanza: jibu kwa dada wa Utrecht, Uholanzi

Dada, umeeleza kwamba watoto wenu watatu, wa miaka 5, 8 na 13, hawajawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kwamba wewe na shemeji hamna uzoefu huo pia, na kwamba mama mkwe wako atakuwa amekuja kutoka Tanga kwa miezi mitatu na hamtaki kumwacha peke yake nyumbani. Umetaja Val Thorens ya Ufaransa, Kitzbühel ya Austria na Bansko ya Bulgaria, ukauliza kipi kati ya hivyo mkichague kwa msimu ujao, 2026/27. Mimi ninaishi München, Ujerumani, kwa mwaka wa kumi na sita sasa, na tangu mtoto wetu wa kwanza alipoanza chekechea tumekuwa tukipanda milimani kila majira ya baridi, mara nyingi kwa furaha na mara mbili kwa hasara tupu. Kwa hali mliyo nayo nisingewapeleka katika kijiji chochote kati ya hivyo vitatu, ingawa vyote vinawafaa watu wengine, na naomba uvumilie nieleze sababu.

Mwaka wetu wa kwanza tulichagua kwa kutazama ramani. Kituo kimoja kikubwa cha Ufaransa, ambacho sitakitaja, kilijivunia mamia ya kilomita za njia za kutelezea, na mimi nikahesabu kama mtu anayenunua kitambaa kwa mita, nikaona kwamba kadiri kilomita zinavyozidi ndivyo fedha yangu inavyopata thamani. Ukweli ni kwamba anayejifunza hana haja na kilomita hizo. Siku tatu za mwanzo hukaa kwenye mteremko mmoja usiozidi urefu wa uwanja wa mpira, akipandishwa na zulia la umeme na kushuka mara hamsini, na hata siku ya sita huwa ameonja njia mbili au tatu tu nje ya pale. Sisi tulilipia tiketi ya lifti, yaani mitambo ya kuwapandisha watu mlimani, ya eneo zima kwa siku sita, na sehemu kubwa ya eneo hilo tuliiona kwenye ramani ya ukutani. Vituo vikubwa na mashuhuri siku hizi hutoza zaidi ya euro 70 kwa mtu mzima kwa siku moja, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni kama kijiji kina tiketi ya wanaoanza, inayohusu lifti ndogo za chini pekee, kwa sababu vingi vinayo na havitangazi sana.

Hasara nyingine ya mwaka huo ilitokana na maneno matatu kwenye tangazo la fleti: “dakika tano tu”. Dakika tano ni kweli kwa mtu aliyevaa raba na mwenye mikono mitupu. Viatu vya skii ni vya plastiki ngumu isiyokunjika kwenye kifundo, kwa hiyo mtu huvitembelea kama aliyefungwa mbao miguuni, na mtoto wa miaka mitano hawezi kubeba skii zake zaidi ya hatua ishirini. Kila asubuhi mimi nilibeba jozi tatu begani, mke wangu akamshika mmoja mkono na kumbembeleza mwingine, njia ikapanda kilima chenye barafu, na tulipofika kwenye darasa la watoto tulikuwa tumeshalowa jasho na kugombana kabla mtu yeyote hajateleza. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba huwa ni mita ngapi kutoka mlangoni hadi mahali watoto wanapokutana na mwalimu, na kama njia inapanda au inashuka. La pili ni kama shule ya skii ina chumba cha kuhifadhi vifaa usiku, maana kikiwepo hata mita 800 zinavumilika.

Halafu itazameni sehemu ya wanaoanza yenyewe, kwani hapo ndipo mtakapoishi wiki nzima. Katika vijiji vingine iko chini kabisa, kando ya nyumba, jambo linalorahisisha kila kitu isipokuwa theluji, ambayo huko chini huisha mapema. Katika vingine iko juu, kwenye kituo cha kati cha gondola, vile vyumba vidogo vinavyopanda mlima vikining’inia kwenye kamba ya chuma, ambako theluji ni ya uhakika lakini kila mtu, hata anayekwenda kutazama tu, anahitaji tiketi ya kupanda. Inapokuwa juu, hakikisheni kwamba mnaweza kurudi kijijini kwa gondola ileile, wala hamlazimiki kushuka kwa skii. Rangi za njia hazina maana ileile kila mahali: Ufaransa huanza na kijani, kisha bluu, nyekundu na nyeusi, ilhali Austria, Uswisi na Italia hazina kijani, kwa hiyo bluu ya kwao huanzia kwenye wepesi kabisa na wakati mwingine huficha kipande kikali. Na njia ya bluu inayorudi kijijini saa kumi jioni, theluji ikiwa imechimbika, watu mamia wamechoka na jua limezama nyuma ya mlima, ndiyo njia ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye siku tatu za uzoefu. Wacheni wengine washuke nayo.

Sasa tarehe, maana kwenu ndizo zinazoamua kijiji. Wiki za bei nafuu ni zile za Januari baada ya Mwaka Mpya, lakini watoto wa 8 na 13 hawawezi kuzikosa shule za Uholanzi kwa ajili ya kuteleza, kwa hiyo mnabaki na likizo ya Krismasi au ile ya Februari. Umesema mnafunga. Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, maana yake likizo yote ya Februari itaangukia ndani ya mfungo. Ruhusa ya msafiri ipo, na kila mtu anajua nafsi yake, ila mimi niliwahi kujaribu kuteleza nikiwa nimefunga na kufika saa saba mchana magoti yalikuwa yananitetemeka, na wiki ya kwanza ya kujifunza ina jasho zaidi kuliko hiyo. Isitoshe, Februari ndipo Wafaransa, Waingereza, Waholanzi na sehemu ya Wajerumani hupata likizo kwa kupokezana, na bei hupanda hadi kileleni. Mimi ningeondoka Ijumaa ya tarehe 18 Desemba 2026 jioni, mara shule zifungapo, na kurudi Jumamosi ya tarehe 26, kwa sababu wiki ya kabla ya Krismasi kwa kawaida ni rahisi kuliko ile ya Mwaka Mpya, ambayo katika Milima ya Alps ni ghali kama ya Februari au zaidi.

Lakini anayekwenda Desemba lazima apande juu. Mwaka wetu wa pili wa hasara ulikuwa Krismasi katika kijiji kizuri sana chenye kimo cha mita 750 hivi, mvua ikanyesha siku nne, na tukawatazama ng’ombe wakitolewa nje kwenye majani mabichi. Kila mita 100 unazopanda hupunguza joto kwa zaidi ya nusu nyuzi, hivyo mvua inayonyesha kijijini inaweza kuwa theluji nzito mita 700 juu yake. Mizinga ya kutengeneza theluji husaidia, ila nayo inataka hewa yenye baridi chini ya sifuri, ikiwezekana kavu. Usiku wa joto na unyevu hukaa kimya.

Hapo ndipo Kitzbühel inapoanguka katika orodha yenu. Ni mji wa kale wenye kupendeza, mashuhuri kwa mbio za Hahnenkamm zinazofanyika kila Januari kwenye mteremko wa kutisha uitwao Streif, lakini uko kwenye mita 760 tu na milima yake hufikia takriban mita 2,000, na bei zake ni za watu wanaopenda kuonekana. Val Thorens ina kinyume cha tatizo hilo. Iko kwenye mita 2,300, ni kijiji cha juu kuliko vyote vya aina yake Ulaya, na theluji yake haina wasiwasi. Ila kiko juu kuliko kimo ambacho miti huweza kuota, kimejengwa kwa ajili ya wanaoteleza, na asiyeteleza hana pa kwenda zaidi ya dirisha la fleti. Umesema pia kwamba Mama ana presha. Mtu aliyezoea usawa wa bahari, kumlaza ghafla kwenye mita 2,300 ni jambo la kumuuliza daktari kwanza. Bansko ni ya bei nafuu kwa kila kitu, kuanzia chakula hadi mwalimu, na mji wenyewe una nyumba nzuri za mawe. Kwa vile Bulgaria imo kikamilifu ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Januari 2025, viza ya Mama isingekuwa kikwazo. Tatizo ni kwamba uwanja wa wanaoanza uko juu kwenye mita 1,600 hivi, na kutoka mjini gondola ni moja, ambayo foleni yake ya asubuhi katika wiki za likizo imewahi kunifanya nitamani kituo cha daladala cha Mwenge. Kwa vijana wasio na watoto ningewaambia waende Bansko bila kusita.

Mimi ningewapeleka Serfaus, magharibi mwa Tirol, jimbo la milimani la Austria. Kijiji kiko kwenye uwanda unaopigwa na jua, takriban mita 1,430, yaani kimo cha Lushoto, kwa hiyo Mama hatapata taabu ya hewa, na milima iliyo juu yake hupita mita 2,800. Uwanja wa watoto uko Komperdell, karibu na mita 2,000, unafikiwa kwa gondola na kurudi kwa gondola, na asiyeteleza anaweza kupanda, kuketi kwenye baraza ya mkahawa na kuwatazama wajukuu wakianguka. Kilichonivutia mimi zaidi ni treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1985 katika kijiji chenye watu wapatao elfu moja, ambayo hutoka kwenye maegesho ya magari hadi kwenye lifti bila nauli. Baba aliyewahi kubeba jozi tatu za skii kilimani anaielewa thamani yake. Serfaus si ya bei nafuu, sitawadanganya, na fleti za Desemba huanza kuisha tangu majira ya joto. Kama bei itawashinda, jaribuni Fiss, kijiji jirani kinachotumia tiketi ileile.

Pendekezo la pili ni Seefeld, juu ya mji wa Innsbruck, humohumo Tirol, ambalo ningelitanguliza kama safari ingekuwa ya Mama peke yake. Ni mahali tambarare, penye vijia vingi vya kutembea vilivyosafishwa theluji, sleji za farasi, bwawa la kuogelea na stesheni ya treni katikati ya mji. Sifa yake kubwa ni skii za mwendo mrefu, ambazo mtu huenda nazo kwenye tambarare badala ya kushuka miteremko, na ndipo mashindano hayo ya Olimpiki za Innsbruck za 1964 na 1976 yalipofanyika. Huyo wa miaka 13 akikataa miteremko mumwonyeshe mchezo huu, ndio ule wa Mkenya Philip Boit, aliyemaliza wa mwisho kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Udhaifu wa Seefeld ni kimo chake cha mita 1,200, ambacho kwa Desemba ni kamari.

Popote mtakapokwenda, chukueni fleti yenye jiko. Vyakula vya Tirol vimejaa nyama ya nguruwe mahali usipoitazamia: vipande vidogo ndani ya maandazi ya supu, nyama ya kusaga iliyochanganywa katika tambi za watoto, na hata zile chapati tamu zilizokatwakatwa ziitwazo Kaiserschmarrn huweza kuwa na zabibu zilizolowekwa kwenye pombe. Shule ya skii inayowalisha watoto mchana iambiwe mapema, kwa maandishi. Hapohapo ombeni mwalimu anayesema Kiholanzi, ambaye katika vijiji vingi vya Tirol hupatikana bila shida kwa sababu ya wingi wa Waholanzi.

Kuhusu bima, ile ya kuombea viza ya Mama yenye kiwango cha chini cha euro 30,000 inamtosha yeye asiyeteleza, lakini ninyi watano hakikisheni bima yenu ya safari ina kifungu cha michezo ya baridi na uokoaji wa milimani, maana helikopta ya Austria hudai maelfu ya euro kwa majeruhi wa michezo. Mtu akiwashawishi mwende Andorra kwa sababu ya bei, kumbukeni kwamba Andorra iko nje ya Schengen, na kwa viza ya kuingia mara moja Mama anaweza kukwama asirudi Ufaransa wala Hispania.

Vifaa kodini, msinunue, isipokuwa glavu na soksi. Kabla ya safari wapelekeni watoto mara mbili au tatu kwenye ukumbi wa theluji ulio karibu, kama ule wa Zoetermeer, ili siku ya kwanza mlimani isipotee katika kujifunza kufunga viatu. Na Mama anunuliwe mabuti yenye soli ya mpira laini yenye meno, namba moja zaidi ya anayovaa, ili soksi ya sufu ienee ndani yake. Mama yangu alipokuja tulimpa ya kuazima yenye soli isiyo na meno, bapa kama sahani, akakaa ndani siku mbili za kwanza akisema barafu ya friji iliyosagwa haitembelewi, hadi tulipompatia mengine.