Dubai, Morisi au Zanzibar na watoto wadogo

Dada, umeuliza kati ya Dubai, Morisi (Mauritius) na Zanzibar muende wapi kutoka Uganda. Kwa watoto wa miaka 2 na 5, likizo ya Desemba, mimi ningechagua Zanzibar bila kusita. Ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe ipo, Mganda haombi viza kuingia Tanzania, na watoto watasemeshwa Kiswahili wanachokisikia nyumbani. Ila chagueni ufuo kwa makini. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, maji hupwa yakaenda mbali sana, na mtoto anayetaka kuoga anabaki akitazama mchanga na mwani. Nungwi na Kendwa, kaskazini, mnaoga karibu saa zote. Beba chandarua au uliza kama hoteli inacho, na viatu vya majini kwa sababu ya urchini, wale viumbe wa baharini wenye miiba.

Dubai si mbaya Desemba: jua ni la wastani, tofauti na Julai inapopita nyuzi 40, na ule mwezi bustani ya maua ya Miracle Garden huwa wazi. Lakini viza ya kila mmoja lazima ipatikane kabla ya safari, na mtoto wa miaka miwili atachoka madukani.

Morisi ina maji tulivu mno ndani ya miamba ya matumbawe inayozuia mawimbi, ufuo wa Trou aux Biches hasa. Subirini tu hadi Septemba au Oktoba. Desemba ni msimu wa vimbunga, tena mtabadilisha ndege njiani.

Kila mtoto awe na pasi yake ya kusafiria. Anzeni hilo wiki hii.